Udongo wa Mita Kumi na Nane

Saa mbili asubuhi ya Jumatatu, Inspekta Sperancia Rwegoshora alilibamiza jalada juu ya meza ya OCD, chai ikaruka kutoka kikombeni na kulowesha kalenda ya parokia.

"Hili silipeleki kwa wakili wa serikali," alisema. "Nimekataa."

OCD, yaani mkuu wa polisi wa wilaya, Afande Jovitus, alikuwa amebakiza miaka miwili astaafu, na kitu pekee alichomwomba Mungu kila siku ni utulivu hadi saa nne asubuhi. Alichukua kitambaa akaifuta kalenda taratibu.

"Inspekta, shimo la mgodi, lile duara, limeporomoka Ijumaa. Wachimbaji watatu wamefia chini ya kifusi. Ripoti inasema ukuta ulikuwa salama, na ripoti ina sahihi ya yule binti. Ndugu wa marehemu wako getini tangu jana. Unasubiri nini tena, malaika Gabrieli ashuke atoe maelezo?"

"Nasubiri mtu anieleze kitu kimoja. Kwenye hati ya mashtaka Avelina ni 'mtaalamu wa miamba'. Kwenye mkataba wa mgodi ni 'kibarua wa sampuli'. Sasa aliyeua ni mtaalamu au kibarua?"

"Wewe unapenda maneno."

"Maneno wanayapenda wao, Afande. Mimi nimeyakuta yameandikwa."

Afande Jovitus alitazama saa ya ukutani. "Saa kumi. Jalada lisipokuwa na kitu kipya saa kumi kamili, linaondoka. Kesho anasomewa shitaka la kuua bila kukusudia, na kifungo cha kosa hilo unakijua."

Sperancia alikijua. Kingeweza kufika maisha, na binti mwenyewe alikuwa na miaka ishirini na saba. Alilichukua jalada lake akatoka, na kama mlango ulijibamiza nyuma yake, basi ulijibamiza wenyewe.

Miaka kumi na minne ya upelelezi ilikuwa imemfundisha kwamba penye maiti tatu na tajiri mmoja, kosa huteremka mpaka limpate mtu wa chini kabisa. Safari hii mtu wa chini alikuwa na shahada, lakini loh, shahada haikumzuia mtu kulala sakafuni mahabusu siku mbili.

Alikaa kwenye dawati lake, akaichomoa ile ripoti, akaisoma kwa mara ya sita. Kurasa tatu, tarehe kumi na moja Aprili, mgodi wa madini ya bati wa Rwabikonjo, Kyerwa. Ukurasa wa kwanza na wa pili: duara limekaguliwa, kuta zote ni mwamba mgumu, kazi iendelee. Ukurasa wa tatu: mistari miwili ya shukrani, jina la Avelina Ainebyona, na sahihi yake. Sahihi ilikuwa yake kweli. Hata yeye mwenyewe hakuikana.

Safari hii Sperancia hakusoma maneno. Alizing'oa pini za stepla kwa kucha, akainua ukurasa mmoja mmoja dirishani. Wa kwanza ulikuwa na matundu mawili ya pini. Wa pili, mawili. Wa tatu ulikuwa na manne.

"Sajenti Yustus!" aliita. "Njoo uhesabu matundu, na uandike kwamba umehesabu wewe."

Yustus, mtu mrefu asiyejua kuharakishwa, alihesabu mara mbili. "Wa tatu umebanwa mara mbili, Afande. Hizi mbili mara moja."

"Kwa hiyo?"

"Kwa hiyo huu wa tatu ulikuwa na wenzake wengine."

"Umeona! Na mwanasheria wa mgodi kasoma hii kitu, OCD kasoma, mimi nimesoma mara sita, hakuna aliyeona. Kamlete binti."

*

Avelina aliingia akiwa na gauni lile lile alilokamatwa nalo Jumamosi makaburini, mbele ya watu, marehemu wa kwanza akiwa hajafukiwa vizuri. Hakuonekana kama mtu wa kulia. Alikuwa na uso wa mtu aliyemaliza kulia akabaki na ghadhabu tupu.

"Kaa, Avelina."

"Nimekaa siku mbili, Afande. Nitasimama."

"Sawa. Ripoti hii ni yako?"

"Ukurasa wa tatu ni wangu. Hizo mbili sizijui." Aliusogelea ukurasa wa kwanza akauchoma kwa kidole. "Soma hapo. 'Mwamba mgumu'. Mwamba mgumu gani? Mwamba una jina, Afande. Nimesoma jiolojia miaka minne. Mimi siwezi kuandika 'mwamba mgumu' kama vile daktari hawezi kuandika 'mgonjwa anaumwa'. Aliyeandika hivyo hajawahi kushika hata nyundo yetu."

Yustus, aliyekuwa akiandika, aliinua macho. Sperancia alimwashiria aendelee.

"Ya kwako ilisema nini?"

"Wasishuke. Ilisema upande wa mashariki, mita kumi na nane chini, kuna mkanda wa udongo mweupe, laini, mnene kama mkono huu. Mwamba wa juu umekaa juu ya ule udongo na umeinamia shimoni. Udongo ukikauka unashika. Ukilowa unateleza, na kila kilicho juu yake kinakuja. Masika haya! Nikaandika duara lifungwe mpaka mvua ikatike. Nikampa meneja, Polikarpi, mkononi."

"Akasema nini?"

"Akasema Bwana Cassian, mwenye leseni, hakumwajiri kibarua aje kumfungia mgodi." Alicheka kicheko kibaya. "Kwenye kazi ni kibarua, kwenye lawama mtaalamu. Unajua darasani tulimaliza wangapi? Arobaini na mmoja. Watano wamepata migodi ya dhahabu. Wawili wanatafuta maji, wanaonyesha pa kuchimba visima. Mmoja anapima misingi ya madaraja, mmoja anafundisha jiografia Kituntu. Waliobaki tunapiga simu na kuambiwa tulete uzoefu. Kwetu Mabira walinicheka, 'umekwenda kusomea mawe, mawe hapa yameisha?' Kazi yenyewe ni kuisoma ardhi kabla haijaua mtu. Nikaisoma. Nikasema. Wamekufa, na aliyefungwa ni mimi!"

Sperancia alimwacha apumue. Hasira ile aliielewa, lakini mahakama haisikilizi hasira.

"Ushahidi wa huo udongo uko wapi?"

"Nilichukua sampuli tatu, tarehe tisa. Kila sampuli ina tiketi kutoka kitabuni. Tiketi inaingia ndani ya mfuko, kishina kinabaki kitabuni, namba ni moja. Na msimamizi anasaini kote kuwili, pale pale duarani. Polikarpi alisaini huku anaongea na simu. Hasomi, yule. Anaona kusoma ni kazi ya vibarua."

"Mifuko iko wapi?"

Hapo sauti ikapungua kidogo. "Alikataa kuitunza stoo. Nikaipeleka nyumbani, uvunguni mwa kitanda changu. Pasaka sikupewa ruhusa, nikabaki kambini. Ijumaa duara lilipoanguka nilikimbia nyumbani kuifuata. Ilikuwa magharibi, mvua, nikapitia mlango wa nyuma, jikoni. Uvunguni hakuna kitu. Mama alikuwa ameshakwenda msibani. Kesho yake mkanikamata kabla sijamwona." Alimtazama Sperancia usoni. "Wameiba, Afande. Wameingia kwetu wakaiba."

*

Barabara ya kwenda Rwabikonjo ilikuwa tope, na gari la polisi lilifika saa nne na nusu likiwa halina rangi. Duara lililoporomoka lilikuwa limezungushiwa kamba ya migomba. Upande wa mashariki ukuta wote ulikuwa umelala shimoni, na mvua ilikuwa imechanganya kila kitu kuwa tope jekundu. Hapo hapakuwa na wa kuonyesha mkanda mweupe wala mweusi. Sperancia aliangalia viatu vitatu vya plastiki vilivyopangwa ukingoni, kimoja kimoja, kila kimoja bila mwenzake. Alitukana kimoyomoyo, na kimoyomoyo chake kilikuwa kipana.

Polikarpi aliwapokea ofisini akiwa amevaa buti jipya la njano lisilo na tone la tope.

"Karibuni, karibuni sana. Msiba huu umetuumiza. Yule binti tulimwamini mno."

"Ulimwamini kama nani?" Sperancia aliuliza.

"Kama mtaalamu wetu, bila shaka."

"Mkataba unasema kibarua."

"Ah, hayo ni mambo ya makaratasi tu, Inspekta."

"Kazi yangu ni makaratasi. Nataka kitabu cha tiketi za sampuli."

Kililetwa. Sperancia alivihesabu vishina kwa kidole kimoja: mia nne kumi na tano, mia nne kumi na sita, halafu mia nne ishirini. Katikati, karibu kabisa na mshono, palikuwa na ukingo wa karatasi iliyochanwa.

"Vishina vitatu viko wapi?"

"Vililowa. Binti mwenyewe alivichana."

"Lini?"

"Sikumbuki. Lakini sampuli za duara lile zilichukuliwa tarehe kumi, hizo mia nne ishirini na kuendelea, zote ngumu kama chuma. Tarehe tisa hakushuka mtu. Mvua ilinyesha kutwa nzima."

"Hakushuka mtu kabisa?"

"Hata paka."

"Hakuna sampuli iliyochukuliwa tarehe tisa, wala kutoka nje ya geti?"

"Nimesema hakuna, Inspekta. Mara ngapi?"

"Mara moja inatosha, ukiisaini." Sperancia alimgeukia Yustus, ambaye alikuwa ameshaandika neno kwa neno. Polikarpi alisaini bila kusoma. P yake ilikuwa na mkia mrefu uliopita chini ya jina zima na kurudi, kama mtu anayefunga mzigo.

Getini alikaa mlinzi, mzee Hategekimana, mwenye koti la mvua na daftari aliloliweka ndani ya mfuko wa nailoni.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Unaandika kila anayetoka?"

"Kila anayetoka na alichobeba. Jiwe la bati ni dogo, mtu anaweza kutoka nalo mdomoni. Bwana Cassian aliniambia, usipoandika unakwenda kwenu." Alilifungua mwenyewe. Tarehe tisa Aprili, saa kumi na moja jioni: *Avelina. Mifuko 3 ya kitambaa. Nimefungua, ni udongo mweupe. Meneja yupo, kasema apite, ni uchafu.*

Polikarpi, aliyekuwa amewafuata kwa heshima hadi getini, alilisoma daftari kupitia begani kwa Sperancia. Uso wake ulibadilika.

"Ebo! Basi mwizi huyo! Kumbe alikuwa anaiba madini yetu!"

"Tarehe tisa?"

"Si hiyo hapo imeandikwa!"

"Siku ambayo hakushuka hata paka," Sperancia alisema. "Umesaini dakika kumi zilizopita, bwana Polikarpi. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi, lakini hii yako haijavuka hata geti."

"Unanitukana?"

"Bado. Saa tisa na nusu uwe kituoni, una maelezo ya kurekebisha. Na usipokuja nitakufuata mimi, tena kwa miguu, tena nikiwa na hasira kuliko hivi."

Kwenye gari, walipovuka daraja, Yustus alisema, polepole kama kawaida yake, "Lakini Afande, daftari la mzee linasema udongo mweupe tu. Meneja atasema ulitoka kokote. Bila ile mifuko, huyu bado ana mwanasheria na sisi tuna matundu."

"Najua!" Sperancia alifoka, kisha akashusha pumzi. "Najua, Yustus. Twende Mabira. Kama kuna aliyeingia nyumba ile akaiba, kuna jirani aliyemwona. Huku hata kuku mgeni anajulikana."

*

Nyumba ya akina Avelina ilikuwa ndani ya kibanja, migomba mbele na mibuni nyuma. Mama mtu, Placidia, alisimama uani na jembe mkononi. Alipoliona gari la polisi hakuweka jembe chini.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Mmekuja kubeba na nyumba?"

"Tumekuja kuuliza."

"Mngeuliza Jumamosi, kabla ya kumbeba mwanangu makaburini kama mbuzi wa mnada! Mtoto mmoja aliyefia mgodini ni wa jirani yangu, nilimzalisha mama yake kwa mikono hii. Sasa hatusalimiani. Anasema binti yako alisoma ili aje kutuua." "Mlitaka kuuliza nini?"

"Kati ya Jumatano ya tarehe tisa na Ijumaa iliyopita, nani aliingia chumbani kwa Avelina?"

"Hakuna."

"Mgeni? Kijana wa mgodini? Mtu aliyeagizwa kitu?"

"Nyumba hii ina nyasi sakafuni, Inspekta. Nimezitandaza mwenyewe. Mtu akikanyaga naona. Hakuna aliyeingia isipokuwa mimi, nilipokuwa nasafisha kwa ajili ya Pasaka."

Ndipo Sperancia alipoiangalia nyumba vizuri. Ukuta wa mbele ulikuwa umepakwa udongo mweupe, mpya, safi. Chini ya baraza, mvua isipofika, ulikuwa umeshika vizuri kama chokaa. Lakini pembeni, upande wa mashariki, mvua ilikopiga, weupe ulikuwa umeteremka wote kwa mpigo, ukaacha ukuta uchi na rundo jeupe chini kwenye msingi.

Aliliendea lile rundo, akachota udongo kidogo, akausugua kati ya vidole. Vidole vilipishana kama vimepakwa sabuni.

"Mama," alisema, na sauti yake ilikuwa ya chini kabisa siku ile. "Udongo huu umeutoa wapi?"

"Si Avelina aliniletea?" Placidia alisema, na kwa mara ya kwanza kiburi kidogo kikaingia katika ile hasira. "Nilimlalamikia nyumba haina uso, na Pasaka inakuja. Marehemu mama yangu alikuwa anaufuata hadi Nyakakika, safari ya siku nzima. Nikafagia uvunguni nikakuta mifuko mitatu ya udongo, mweupe kuliko ule wa Nyakakika. Nikasema, kumbe huko chuo wamemfundisha kitu cha maana! Nikaukoroga Alhamisi Kuu, nikapaka. Ila haufai. Mvua ya kwanza tu, upande ule ukashuka wote. Nimewaambia majirani, udongo huu unadanganya, ukilowa haushiki hata..."

Alikuwa mwanamke mwenye akili, na sentensi yake mwenyewe ilimfikia kabla hajaimaliza. Aliutazama ukuta, kisha Sperancia, kisha ukuta tena.

"Ni wa shimoni," alisema.

"Ndiyo, Mama. Ndio ulioangusha duara. Avelina aliuchukua uwe ushahidi."

"Mwana wange!" Jembe lilianguka. "Nimempaka mwanangu ukutani! Watoto wa watu wamelala chini ya udongo huu, na mimi nimeupaka nikashangilia Pasaka!" Aliliokota jembe kwa ghafla akaukabili ukuta kuukwangua, na ilibidi Sperancia amdake mkono.

"Usiguse! Mama, usiguse hata punje. Niambie mifuko. Mifuko yenyewe uliitupa?"

"Nani anatupa mfuko wa kitambaa?" Placidia alisema kwa uchungu. "Nimeweka mbegu."

Jikoni, darini juu ya mafiga, ilining'inia mifuko mitatu ya kitambaa iliyokaushwa na moshi hadi ikawa rangi ya chai. Ilijaa mbegu za maharage za msimu ujao. Sperancia aliimimina kwenye ungo mmoja mmoja, taratibu, Yustus akishika tochi ya simu. Katika kila mfuko, katikati ya maharage, ilikuwemo karatasi ndogo.

"Hizo sikuzitoa," Placidia alisema mlangoni. "Zina maandishi ya mwanangu. Mimi sisomi vizuri, lakini karatasi ya mtu aliyesoma haitupwi."

Moshi ulikuwa umezitia ukahawia, lakini maandishi yalikuwa ya penseli, na penseli haijali moshi wala mvua. Mia nne kumi na saba. Mia nne kumi na nane. Mia nne kumi na tisa. Tarehe tisa Aprili. *Ukuta wa mashariki, mita 18. Udongo mweupe laini, unateleza ukilowa. Watu wasishuke.* Na chini ya kila moja, mahali pa msimamizi, kwa kalamu ya wino, ilikuwepo P yenye mkia mrefu uliokwenda hadi mwisho wa jina na kurudi.

Yustus aliitoa karatasi ya maelezo ya asubuhi akaiweka kando yake. Hata yeye, mtu asiyeharakishwa, alianza kutembea haraka kuelekea garini kuchukua bahasha za vielelezo.

Walikwangua udongo kidogo chini ya baraza na kidogo kwenye lile rundo, Placidia akishuhudia na kuweka dole gumba. Yustus alikuwa akijaza fomu juu ya boneti. "Kielelezo namba moja, ripoti. Mbili, kitabu cha vishina na daftari la geti. Tatu, tiketi na mifuko. Nne niandike nini, Afande?"

Sperancia aliutazama ukuta. "Andika nyumba. Ukuta wa mbele, usiguswe mpaka wataalamu wa madini waje wapime."

"Nilisema mmekuja kubeba na nyumba," Placidia alisema, akifunga kanga kiunoni. "Basi na mimi nibebeni."

*

Saa kumi kasoro dakika kumi, meza ya Afande Jovitus haikuwa na chai tena. Ilikuwa na tiketi tatu, daftari la geti, na maelezo ya asubuhi. OCD alisoma kimya, akirudia rudia ile P. Polikarpi alikuwa amesimama mbele yake. Buti la njano sasa lilikuwa na tope.

"Sahihi hii ni yako?"

"Inafanana na yangu, mkuu. Lakini mimi husaini vitu vingi..."

"Kwa hiyo tarehe tisa ulikuwa ndani ya duara," Sperancia alisema. "Ulisimama mbele ya huo udongo. Uliambiwa watu wasishuke, ukasaini mara tatu. Ukachukua ripoti ya binti, ukang'oa kurasa mbili, ukaweka zako. Na kwa siku kumi na nne, kila asubuhi, ukawashusha watu. Mara kumi na nne, Polikarpi! Siku gani kati ya hizo ulilala usingizi?"

Polikarpi alimgeukia OCD.

Afande Jovitus alivua miwani. "Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni," alisema kwa uchovu. "Inspekta, jalada hili lilikuwa linaondoka na jina lisilo lake. Mtoe binti."

Kaunta ilikuwa imejaa. Ndugu wa marehemu walikuwa wameingia hadi mlangoni, na katikati yao alisimama mama jirani, kitenge cha msiba begani, akimtazama Placidia. Avelina aliletwa. Mama yake alimwendea, akasimama hatua moja kabla.

"Ni mimi niliyeichukua mifuko yako," alisema. "Nilifikiri ni zawadi."

Avelina alimtazama. Hakukasirika na hakucheka. Alichoka tu kwa namna mpya. "Udongo ulishika, Mama?"

"Chini ya baraza tu. Kwingine uliteremka wote."

"Niliandika hivyo," Avelina alisema, na ndipo machozi yalipomtoka, kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi. Mama jirani alisukuma watu akapita, akamshika Placidia mkono. Wakabaki hivyo watatu.

Yustus alifungua kitabu cha mahabusu, akamgeuzia Avelina asaini kutoka. Avelina alifuta uso kwa kiganja, akasoma mstari wake tangu mwanzo hadi mwisho, kama alivyofundishwa kusoma kila kitu. Aliweka kalamu chini.

"Sisaini."

"Kwa nini tena, binti?"

"Hapa kwenye kazi mmeandika kibarua. Rekebisha kwanza."

Yustus alimtazama Sperancia. Sperancia aliinamisha kichwa mara moja. Yustus akakata neno lile kwa mstari mmoja, kwa rula, na juu yake akaandika kwa herufi kubwa: MJIOLOJIA. Avelina akasaini.

Polikarpi alisogezwa mbele. Mstari uliofuata ulikuwa mtupu.

"Jina?"

Alitaja.

"Kazi?"

Polikarpi aliwatazama watu waliojaa mlangoni, akalitazama buti lake.

"Andika kibarua," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi pale ni kibarua tu wa Bwana Cassian. Ninaagizwa."

Hakuna aliyecheka. Sperancia alichukua kofia yake kaunta, na ufunguo wa gari. Ilikuwa saa kumi kamili, na nyumba ya Bwana Cassian haikuwa mbali.

"Mwandike meneja," alimwambia Yustus. "Na hayo ya kuagizwa, yaandike yote kama alivyosema, halafu asaini. Safari hii msomee kwanza."